Noeli ya Wapagazi

Praxeda hakuwa mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana sisi tulioyasikia haya kwa binti yake Kristina, jirani yetu hapa Makorora, hatukuthubutu kuyafanyia mzaha. Mtu msemaji akikusimulia jambo la ajabu, nusu unaibeba, nusu unaiacha palepale barazani. Huyu aliyasema mara moja tu, akiwa kitandani na homa, na hakuyarudia mpaka anaingia kaburini.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, siku ya kuamkia Noeli. Praxeda na mumewe Ernesti walikuwa wametoka Urundi, wakaja kufanya kazi katika shamba la mkonge lililokuwa kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, kabla hujafika Kigombe. Ernesti alikuwa kwenye korona, kule mtambo unakoparua majani kutoa singa. Praxeda alikuwa na mimba iliyokwisha kuchomoza, kwa hiyo alishinda kambini. Asubuhi ile alifua, akaanika, akachambua maharage, akafagia uwanja. Kisha akaketi mlangoni. Hata hajakaa vizuri akainuka, akaushika ufagio, akafagia tena palepale.

Moyo wake ulikuwa haukai. Kwao wakati kama huu mvua inanyesha, vilima ni kijani mpaka unachoka kutazama, na asubuhi mtu anajikunyata kando ya moto akingoja viazi viive. Huku kaskazi ilikuwa inapuliza joto, nguo zimeanikwa sasa hivi na zimekwisha kukauka, na kila ukigeuza uso unaona mkonge. Mkonge mbele, mkonge nyuma, umepangwa mistari hadi macho yanauma. Wenzao wa Urundi waliotangulia kuja walikuwa wamemaliza mkataba wakarudi. Waliobaki kambini walikuwa Wamakonde na Wangoni, watu wema, lakini ukicheka nao kuna mahali kicheko kinafika kinasimama.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mwamvua, mwanamke wa Kigombe aliyezoea kupita kambini na ungo wa samaki kichwani. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na alimpenda Praxeda kwa vile alikuwa mgeni asiyelalamika.

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wafagia? Si nilikuona wafagia nikipita asubuhi?"

"Sijui, bibi. Mikono inataka kazi."

Mwamvua alitua ungo, akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Nimekuwekea changu wawili, kesho sikukuu yenu. Wakaange na ndimu. Mtu mwenye mimba asile sikukuu kwa huzuni, mtoto huzaliwa mkiwa."

Praxeda alicheka kidogo, akapokea samaki. Kisha akauliza jambo lililokuwa likimsumbua. "Bibi, huko kwenu kuna arusi? Tangu juzi nasikia ngoma."

"Arusi ya nani? Hakuna. Ngoma yasikika wakati gani?"

"Mchana. Jua likiwa utosini."

"Upande gani?"

Praxeda alinyosha mkono kuelekea kule kwenye mkonge mzee, shamba lililoachwa siku nyingi, ambalo mimea yake ilikwisha kurefusha nguzo zake za maua na kufa imesimama.

Mwamvua hakutazama alikoonyeshwa. "Na yapigwaje?"

"Ndilo linalonishangaza. Yapigwa kama ya kwetu. Ngoma kubwa za miti, nyingi kwa pamoja. Ernesti naye anazisikia."

Nzi walitua kwenye samaki wa Mwamvua na hakuwafukuza. Alipozungumza, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, na ngoma hiyo sijaisikia hata siku moja. Wala mama yangu. Lakini si mara ya kwanza kuambiwa na mtu wa kwenu kwamba anaisikia. Zamani za vita vya Mdachi, mimi kigori, waliletwa hapa wapagazi kutoka bara. Waume, na wake zao waliowafuata. Walibeba mizigo ya Mdachi mpaka migongo ikatoka vidonda. Wakawekwa pale, wangoje safari nyingine. Ugonjwa ukaingia. Asubuhi wanazika kumi, jioni wanaozika nao wanazikwa. Mwisho hapakubaki mtu wa kumzika mwenzake, mchanga ukasukumwa juu yao hivihivi. Hakuna aliyewalilia. Kwao hawajui mpaka leo."

"Mungu awarehemu," Praxeda alinong'ona.

"Awarehemu. Lakini mtu asiyeliliwa, mwanangu, hajui kama amekufa. Huketi akangoja. Kesho mkienda kanisani piteni barabarani. Ile njia ya mkato muiache. Nawe ukisikia waitwa kwa lugha ya kwenu, usiitike."

Akajitwika ungo wake akaondoka, na siku hiyo hakuenda kuuza laini za pili, zile safu nyingine za nyumba za wafanyakazi. Alirudi moja kwa moja Kigombe, ungo umejaa.

Ernesti alirudi jioni mwili mzima unanuka maji ya mkonge, akiimba. Alikuwa mtu wa kuimba huyo. Aliimba akioga, aliimba akila, kanisani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha. Praxeda alimweleza maneno ya Mwamvua huku akimwekea chakula. Ernesti alichota chumvi kwa vidole, akailamba kwanza kama desturi yake, nyingine akainyunyiza juu ya maharage.

"Watu wa pwani wana hadithi," alisema. "Mimi nadhani kuna watu wa kwetu katika shamba la jirani, wanajifurahisha. Laiti ningejua njia ya kuwafikia! Noeli bila ngoma ya kwetu ni Noeli gani?"

"Bibi Mwamvua hatanii, Ernesti."

"Basi tutapita barabarani. Umeridhika?"

Akaridhika. Lakini usingizi wake wa siku hiyo ulikuwa wa kugeukageuka.

Kulipokucha walivaa nguo zao njema. Praxeda alijitanda leso mpya, Ernesti akavaa kaptula nyeupe na shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe. Kanisa lilikuwa kibanda cha makuti katika shamba la pili, na padre alikuwa amekuja kwa gari kutoka Tanga. Misa ilikuwa nzuri. Ernesti aliimba hata watu wa mbele wakageuka kumtazama. Baada ya misa kukapikwa wali, ng'ombe akachinjwa, vijana wa Kimakonde wakaanza kucheza, na shangwe ikawa shangwe.

Praxeda ndiye aliyeshindwa kukaa. Harufu ya mafuta ilimchafua tumbo. Kila akisogea kivulini aliona hapamfai, akihamia pengine napo hapamfai. Watu walicheka kwa Kiswahili, akaelewa kila neno, na bado akajiona kama amesimama nje ya nyumba akisikiliza wenye nyumba. Machozi yakamlenga. Akamshika mumewe mkono.

"Turudi."

"Sasa hivi? Wali haujapakuliwa."

"Turudi tu, Ernesti. Siwezi kukaa."

Ernesti alimtazama, akaona uso wake, hakubisha. Wakashika barabara. Jua lilikuwa kali, lami hakuna, vumbi lile jeupe linaunguza nyayo kama jivu la moto. Hapakupita gari wala baiskeli. Walipofika pale njia ya mkato inapochepuka, Ernesti alisimama kumpangusa mkewe jasho. Hapo ndipo walipozisikia.

Ngoma. Si moja, nyingi. Zilikuwa karibu kuliko siku zote.

"Unasikia?" Ernesti alisema. Uso wake uling'aa kama wa mtoto. "Praxeda, hiyo ni ngoma ya kupokelea wageni! Baba yangu alikuwa akiipiga!"

"Tupite. Tafadhali."

"Tutachungulia tu."

"Bibi alisema..."

Kutoka ndani ya mkonge, sauti ya mwanamume ikaita. Iliita kwa Kirundi, taratibu, kama mtu anayemwita ndugu yake aje kula.

"Njoo, mwana wa mama. Mbona umesimama juani?"

"Naja!" Ernesti akaitika.

Alikwisha kuitika. Praxeda alimdaka shati, likamponyoka. Mumewe akaingia kwenye mkonge, miiba ikimchana miguu asijali, naye Praxeda, mkono tumboni, akamfuata. Angefanyaje? Hakuwa na mtu mwingine katika nchi ile.

Mkonge mzee ulikuwa umewazidi kimo. Nguzo zake zilizokauka zilisimama juu yao kama milingoti isiyo na matanga. Walikwenda, wakakata kushoto, wakakata kulia, ngoma ikiwa mbele yao daima. Kisha mistari ikakoma ghafla na pakawa na uwanja.

Ulikuwa umefagiwa ukafagika. Pembeni yake palikuwa na migomba, migomba ile mifupi mizito ya milimani, ambayo Praxeda hakuwahi kuiona mahali popote pwani. Watu waliketi kwenye majani, wengi, waume kwa wake, wamezunguka mitungi ya pombe ya ndizi yenye mirija. Vyungu vilikuwa motoni. Wapiga ngoma walisimama nusu duara, mikono inapanda na kushuka.

Praxeda alitaka kulia kwa furaha. Kwa pumzi moja tu, alikuwa kwao.

Halafu akaona kwamba joto limekwisha. Jasho lilikuwa limemkauka mgongoni, na vinyweleo vimemsimama. Baridi ya milimani. Akatazama moto. Moshi ulipanda, lakini haukuwa na harufu. Akatazama vyungu. Vilitokota, na havikutoa sauti.

"Karibuni, wanetu, karibuni," alisema bibi mmoja, akimwachia nafasi kwenye majani. "Mmechelewa. Mvua kwetu zimenyesha?"

"Zimenyesha, mama," Praxeda alijibu, maana adabu ilimtoka kabla ya akili. "Heri ya Noeli."

Bibi aliinamisha kichwa kando. "Noeli ni mtoto wa nani?"

Praxeda aliivuta leso yake, akaikaza.

"Na mwami wetu hajambo?" mzee mmoja aliuliza, akamtaja mfalme kwa jina lake. Praxeda alilijua jina lile. Nyanya yake alikuwa akilitaja katika hadithi. Mfalme yule alikufa kabla mama yake Praxeda hajazaliwa.

Alimtafuta Ernesti kwa macho. Ernesti alikuwa amekwisha kukaa katikati ya wanaume, magoti yake yamegusana na magoti yao, na mrija uko kinywani. Alikuwa anakunywa. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, bila kupumzika.

"Ernesti!"

Hakugeuka.

Yule bibi akacheka, akaweka mkono wake juu ya tumbo la Praxeda. "Huyu atazaliwa hapahapa kwetu," alisema. "Mtakaa nasi. Tunangoja kuambiwa turudi. Wametuahidi. Labda kesho."

Na alipocheka, kinywa chake kilifunguka. Ndani hapakuwa na meno wala ulimi. Kilikuwa kimejaa udongo mwekundu.

Praxeda alitaka kukimbia. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka maneno ya Mwamvua, kwamba mtu asiyeliliwa hajui kama amekufa. Akamtazama bibi yule tena, na badala ya hofu kumzidi, akaona kitu kingine. Bibi alikuwa na kovu mabegani, pana, la kamba ya mzigo. Alikuwa ameifuata safari ya mumewe. Aliketi hapa miaka yote hii, ana hamu ya kwao, hana wa kumwambia. Hamu ileile iliyomfanya Praxeda afagie uwanja mara mbili.

Hapo akafanya lililomjia. Aliivua leso akaifunga kiunoni kama wafiwa wa kwao, akaweka mikono kichwani, akalia. Si kilio cha hofu. Kilikuwa kilio cha msiba, kile ambacho wanawake wa vilimani hukitoa kwa sauti ndefu mpaka kilima cha pili kikasikia.

"Mmekufa, mama yangu! Mmekufa, baba zangu! Mmekufa ugenini, hamkuliliwa! Nawalilia mimi! Nendeni kwenu!"

Ngoma zikanyamaza.

Zote. Kwa pamoja.

Nyuso zikamgeukia. Hakuna aliyepepesa jicho. Bibi alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akaitazama tena. "Ala," alisema polepole. "Kumbe."

Akainuka. Wa pili akainuka. Wakainuka wote, wakachukua mizigo iliyokuwa nyuma yao ambayo Praxeda hakuiona kwanza, wakajitwika, wakaanza kutembea kuelekea magharibi. Hawakumsukuma, lakini walikuwa wengi, wakampita pande zote, baridi yao ikimgusa, na vumbi likatanda. Praxeda aliendelea kulia huku akiita jina la mumewe. Alimwona mara moja, kisogo chake, shati lake jeupe, katikati ya wabeba mizigo. Kisha hakumwona.

"Ernesti! Ernesti!"

Mkono ukamshika wake. Baridi.

"Niko hapa," sauti ya Ernesti ilisema. "Twende."

Walitoka mbio. Walipofika barabarani jua liliwapiga usoni kama teke. Ernesti alikuwa mzima. Miguu yake ilikuwa imechanjwa na miiba kila mahali, na haikutoka damu.

Mwamvua alipoambiwa, alishika kifua. "Uliwalilia? Wewe peke yako?" Siku ya pili yake alikuja na wanawake wa Kigombe na shekhe mmoja wa makamo. Wakasimama ukingoni mwa mkonge mzee, shekhe akasoma dua, na Praxeda akasali sala zake, kila mtu kwa dini yake. Uwanja haukuonekana. Palikuwa na mkonge mtupu. Na ngoma hazikusikika tena.

"Umefanya jambo kubwa, mwanangu," Mwamvua alisema wakati wa kurudi. "Na mumeo hajambo?"

"Hajambo. Amechoka tu."

Ernesti alirudi kazini. Alifanya kazi kwa nguvu kuliko zamani, akabeba mafungu ya singa ambayo wenzake waliyabeba wawili. Alikuwa mpole. Hakumgombeza mkewe, hakulewa. Lakini hakuimba tena. Jumapili alisimama kanisani kinywa kimefungwa, na watu walipomwomba aanzishe, alitabasamu akasema koo linamuuma. Na chumvi aliikataa.

"Inaniunguza ulimi," alisema, akasogeza sahani.

Praxeda akaanza kupika vyungu viwili.

Mwamvua alikuja siku moja Ernesti akiwa nyumbani. Wakasalimiana. Ernesti alimwamkia vizuri, akamsaidia kutua ungo. Mwamvua hakukaa. Tangu siku hiyo samaki wa Praxeda akawa anawaacha kwa jirani.

"Bibi, nimekukosea nini?" Praxeda alimuuliza alipomvizia njiani.

"Hujanikosea." Mwamvua aliangalia chini. "Yule alinishika mkono kunipokea ungo. Mwanangu, mimi nimeosha maiti wengi. Usiniulize zaidi, wallahi."

Ni kweli Praxeda hakuuliza zaidi. Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Kristina, na mwenye mtoto mchanga hana nafasi ya kuchungua kila kitu. Mikono ya mumewe ilikuwa baridi, ndiyo. Usiku alilala chali bila kufumba macho, ndiyo. Lakini alikuwa mumewe, uso wake, sauti yake, na katika nchi ya watu hakuwa na mwingine. Alijiambia kwamba ugeni ndio ulimharibu. Wakifika kwao atapona.

Mkataba ulipokwisha walirudi. Gari moshi, meli ya ziwa, kisha miguu, wakipokezana mtoto. Kila walivyokaribia, Ernesti aliharakisha. Alizijua njia za mkato ambazo Praxeda hakuzijua, akavuka mito mahali ambapo zamani palikuwa na vivuko na sasa hapana.

Walipokelewa kwa vigelegele. Majirani walijaa uwanjani, mtungi ukaletwa, Ernesti akakalishwa katikati. Mama yake, aliyekuwa mjane, alimshika Praxeda mkono akamwingiza ndani kana kwamba anataka kumwona mtoto vizuri. Akarudishia mlango.

"Mwanangu," alinong'ona, "mbona Noeli ile ulikuja ukaondoka bila hata kunywa maji?"

"Noeli gani, mama?"

"Ya mwaka ule mlipokuwa mbali. Mchana, mimi nimetoka kanisani. Nilisikia kilio, nikatoka. Ulikuwa umesimama hapo uwanjani, mikono kichwani, leso umeifunga kiunoni, tumbo hili hapa. Nilikuita hukunisikia. Na nyuma yako walipita watu wamejitwika mizigo. Wengi! Kila mmoja akashika njia yake, huyu kilima hiki, huyu kile. Nikafumba macho kwa hofu. Nilipofumbua hapakuwa na mtu."

Praxeda alikaa chini. Kristina alianza kulia, akampa ziwa bila kujua anafanya nini.

"Kesho yake," mama mkwe aliendelea, "nyumba kadha wa kadha hapa vilimani zilikuta udongo mlangoni. Fungu dogo, kama ujazo wa viganja viwili. Udongo mwekundu, wenye vipande vya makombe madogomadogo. Hapa hakuna anayejua ni makombe ya nini. Mzee mmoja aliyefika pwani ujanani alilia alipoyaona, akasema hayo ni ya baharini. Nyumba hizo zote ni za watu ambao babu zao walichukuliwa na Mdachi wakabebe mizigo, wasirudi. Tukaelewa. Tukawawekea matanga."

"Mungu ashukuriwe, mama," Praxeda alisema, machozi yakimtoka. "Basi walifika."

"Walifika." Mama mkwe alisogea karibu zaidi. "Lakini kwetu hakuna aliyechukuliwa na Mdachi. Si upande wangu, si upande wa baba yake Ernesti. Hata mmoja. Na mimi pia niliukuta udongo mlangoni pangu."

Nje, watu walicheka. Ernesti alikuwa anawasimulia habari za safari.

"Praxeda," mama yule alisema. "Huyu uliyekuja naye ni nani?"

Praxeda alisogea kwenye ufa wa mlango akachungulia. Mwanamume yule alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso wa mumewe, shati la mumewe, na kila kilichosemwa alitabasamu. Mtu mmoja akatoa kichekesho. Wote wakapasuka vicheko, naye akainua kichwa akacheka pamoja nao, kinywa wazi.

Praxeda aliona.

Mama mkwe alimfungulia mlango wa nyuma yeye mwenyewe, akamfunga mtoto mgongoni, akamtia viazi katika leso. "Mimi ni mzee," alisema. "Hanidhuru. Nitamlilia mwanangu kimyakimya. Nenda huko mwili wake ulikobaki."

Hivyo Praxeda, aliyelia kwa hamu ya kwao, aligeuza njia akarudi pwani jua likiwa juu. Hakurudi tena kuishi kambini. Mwamvua alimtafutia chumba hapa Makorora kwa ndugu zake, naye Praxeda akauza vitumbua, akamlea binti. Kila mwaka alikuwa akienda kwenye ule mkonge mzee, akasimama ukingoni, akamwita mumewe kwa jina na kumlilia. Hakujibiwa kamwe.

Noeli yao ya kwanza Makorora, mwaka wa hamsini na sita, walitoka misani mapema. Praxeda alijifungia na mtoto ndani kuepa joto, wakasinzia. Hakuna aliyebisha hodi. Alipofungua mlango alasiri amwage maji, alisita.

Sakafu ya kibaraza ilikuwa imetapakaa udongo mweusi, mweusi ule wa milimani kwao, alikomwacha yule mwenye uso wa mumewe, mbichi, unanuka mvua. Tanga ilikuwa haijapata tone tangu mwezi uliopita. Na mbele kabisa, karibu na kizingiti, palikuwa na alama mbili za magoti na mbili za viganja, za mtu aliyeinama kuchungulia chini ya mlango.